Kitabu cha komini ni cha raiya
Wandugu na dada wa Butembo!

Nchi yetu ilihesabu raiya mara ya mwisho mwaka 1984. Sisi wenye kuongea hapa hatukuwa tumezaliwa. Leo, nani anajua hesabu ya kweli ya watu wa kartier yako?

Sheria inasema mtoto aandikishwe ndani ya siku 90. Lakini mara nyingi mama akifika ofisini anaambiwa «rudia kesho», na kesho anaombwa franga. Mtoto anabakia bila cheti. Siku vita ikitutawanya, tutamutafuta kwa kitabu gani?

Artikle 24 ya Katiba inatupa haki ya habari. Basi tunaomba: bei zibandikwe mlangoni, na kila franga ipate risiti. Twende komini pamoja. Tusichoke!