Tuwafunze Watoto Wetu Kuogelea

 

Ndugu Waislamu, tuanze kwa kukiri kosa letu. Kwa miaka kadhaa tulimwadhibu kila mtoto aliyefika chuoni na chumvi imemkauka miguuni. Tuliihesabu bahari kuwa ni adui wa darsa, na kuogelea kuwa ni upuuzi. Ilhali katika hadithi iliyopokewa na Imamu An-Nasai, Mtume (S.A.W.) amekutoa kujifunza kuogelea katika michezo isiyo na maana, akakutaja pamoja na mazoezi ya shabaha na kumfunza farasi. (Ama yale maneno mashuhuri ya kuwafunza watoto kuogelea, kutupa mishale na kupanda farasi, hunasibishwa na Sayyidna Umar (R.A.), haifai kuyaita hadithi ya Mtume bila ya uhakika.)

Faida yake kwa mtoto mdogo ni ipi? Maji humbeba, na papo hapo humpinga. Kila anyooshapo mkono au kupiga teke hukutana na uzito, hivyo misuli hufanya kazi bila ya kuvitonesha viungo. Hulazimika kupatanisha mikono, miguu, shingo na pumzi kwa wakati mmoja, na hilo ni zoezi la akili kama lilivyo la mwili. Hujifunza kutoa pumzi taratibu uso ukiwa majini, kisha kuivuta kwa wakati wake. Nasi tunaosomesha tajwidi tunaijua thamani ya mtoto anayeimiliki pumzi yake. Hujifunza pia kungoja zamu, na kutulia anapoogopa.

Mwaka 2010 Hermundur Sigmundsson na Brian Hopkins walichapisha utafiti uliolinganisha watoto 19 waliozoeshwa kuogelea tangu uchanga na 19 wasiozoeshwa. Wale wa kwanza waliwashinda wenzao katika kushika vitu na kusimama bila ya kuyumba. Idadi ni ndogo, wala hatutaki kuikuza.

Lakini lipo kubwa kuliko misuli, nalo ni uhai. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto wa umri huo, hata akifunzwa, mzazi awe naye majini, umbali usiozidi urefu wa mkono.

Na mabinti je? Wengi wetu husema stara hairuhusu. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, Mradi wa Panje umewafunza wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo zinazositiri mwili mzima. Basi udhuru wetu uko wapi? Meli ya Spice Islander ilipozama usiku wa Septemba 10, 2011, ikielekea Pemba, walizama humo wanawake na watoto wengi.

Tangu mwaka jana wavulana wa chuo chetu hushuka pwani kila Alhamisi asubuhi, pamoja na watu wazima wawili wanaojua kuogelea, hawavuki maji ya kifuani. Wasichana bado wanangoja mwalimu wa kike. Mwenye mke, dada au binti anayeweza kazi hiyo, atuone baada ya Sala.