Usitupe Picha ya Kabla ya Tiba

Msikilizaji, sauti hii inakufikia kwa mawimbi ya redio. Mawimbi ya ukoo huohuo, ya masafa ya chini kuliko haya ya utangazaji, madaktari huyapitisha kwenye sindano ndefu hadi ndani ya ini, yakauchoma uvimbe wa saratani bila tumbo kupasuliwa. Joto likivuka nyuzi 60, seli hufa papo hapo. Uvimbe usiozidi sentimita 3 unaweza kuteketea wote kwa njia hiyo.

Shida ni kwamba saratani ya ini hurudi. Zaidi ya nusu ya waliochomwa huipata tena ndani ya miaka 5, pengine palepale, pengine upande mwingine wa ini. Itamrudia nani? Sehemu kubwa ya jibu imo kwenye picha za CT na MRI, zilezile tunazozipoteza ovyo majumbani.

Tuanze na picha ya kabla ya tiba. Mgonjwa hudungwa dawa ya kung'arisha mishipa, kisha ini hupigwa picha mara kadhaa ndani ya dakika chache. Uvimbe hung'aa mapema, kwa kuwa unanyonya damu ya ateri, halafu hufifia kuliko nyama ya ini iliyouzunguka. Hapo daktari mzoefu hatazami ukubwa peke yake. Anatazama ukingo. Ukingo laini kama wa yai unatia moyo. Ukingo wenye vinundu, au mng'ao unaomwagika nje ya uvimbe, huashiria kwamba huenda seli zimeshapenya kwenye vimishipa vidogo mno ambavyo picha yenyewe haivioni. Mgonjwa wa namna hiyo achomwe kwa upana zaidi, au afikiriwe upasuaji, na aitwe mapema kuangaliwa tena.

Baada ya tiba, jeraha la moto linapaswa kuuvuka uvimbe kwa angalau milimita 5 pande zote. Mshipa wa damu wenye upana wa zaidi ya milimita 3 ukipita jirani, damu inayotiririka huchukua joto, na seli zilizoegemea mshipa huo zikanusurika. Siku hizi programu za kompyuta hulaza picha ya baada juu ya picha ya kabla na kupima ukingo huo. Bila picha ya kabla, hakuna cha kulazia.

Watafiti wa China, Japani na Korea Kusini wanaifundisha kompyuta kusoma dalili hizi na kutabiri. Naipokea kazi yao kwa furaha, ila ijaribiwe kwanza kwa wagonjwa wetu. Kwetu saratani hii inatokana sana na homa ya ini B, pamoja na sumukuvu ya mahindi na karanga, na mara nyingi inagundulika ikiwa imeshakuwa kubwa mno kwa sindano. Mwenye ini lililosinyaa na kuwa na makovu anastahili altrasaundi kila baada ya miezi 6. Hivyo ndivyo uvimbe hukamatwa ungali mdogo.

Na wewe uliyekwisha kuchomwa, rudi kupigwa picha kila miezi 3 au 4 katika miaka 2 ya mwanzo. Ukihamia hospitali nyingine, usibebe karatasi ya majibu tu. Beba picha yenyewe, au CD yake, hata kama ni ya miaka minne iliyopita.