Bei Uliyonunulia: Mhadhara juu ya Kununua, Kushika na Kuuza Hisa



Kuelekea mwisho wa mwaka 2019, hisa moja ya benki ya CRDB katika Soko la Hisa la Dar es Salaam iliuzwa kwa takriban shilingi 100, na zipo siku ilipatikana kwa pungufu. Miongoni mwa wanahisa walikuwamo walionunua mwaka 2009, benki ilipouza hisa kwa umma kwa shilingi 150. Walikuwamo pia walioongeza mwaka 2015, benki ilipotoa hisa stahiki, yaani hisa mpya kwa wanahisa waliopo, kwa shilingi 350. Na wapo walioingia wiki hiyohiyo, wakanunua kwa mia.

Ukiwauliza watu hawa watatu kama hisa ile ni ya kushika au ya kuuza, kila mmoja atakupa jibu lake, na jibu hilo atalitoa kwenye risiti yake ya ununuzi. Wa 2009 atasema anasubiri irudi 150. Wa 2015 atasema ameumia kiasi kwamba hata kuitazama bei hataki. Wa tatu hana kinyongo na mtu. Lakini benki waliyoimiliki ni ileile moja, ina wateja walewale, wadaiwa walewale na uongozi uleule. Faida yake baada ya kodi, iliyokuwa takriban shilingi bilioni 64 mwaka 2018, ilifika kama bilioni 120 mwaka 2019. Gawio lilitoka shilingi 8 kwa hisa hadi 17. Uwiano wa mikopo chechefu, ile isiyolipwa inavyopaswa, ulikuwa ukishuka mwaka hadi mwaka. Yote haya yalitangazwa hadharani, na hakuna hata moja lililobadilika kwa sababu fulani alinunua kwa 150 au kwa 350.

Hoja yangu jioni hii ni kwamba bei uliyonunulia haina nafasi katika uamuzi wa kushika au kuuza. Najua ni hoja ngumu. Nimeifundisha miaka mingi, na kila mwaka darasa linaikubali kwa mdomo. Kisha mwanafunzi huyohuyo, akipata kazi na kununua hisa zake za kwanza, anafungua simu kila asubuhi kutazama jambo moja tu: niko juu au niko chini?

Wenzetu walioichunguza tabia hii wameipima vizuri. Mwaka 1985 Hersh Shefrin na Meir Statman walieleza kwamba mwekezaji huharakisha kuuza kinachompa faida na kukishikilia kinachomtia hasara. Mwaka 1998 Terrance Odean alichapisha uchunguzi wa akaunti 10,000 za wateja wa kampuni moja ya udalali huko Marekani, za kati ya 1987 na 1993. Aligundua kwamba hisa zilizopanda zilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuuzwa kuliko zilizoshuka, na tofauti haikuwa ndogo. La kusikitisha ni kwamba zile zilizouzwa, katika mwaka uliofuata, zilifanya vizuri kuliko zile zilizobakizwa kwa matumaini. Ni mwezi Desemba tu ambapo watu wale waligeuka na kuuza zilizoshuka, kwa sababu sheria ya kodi ya kwao inaruhusu hasara ipunguze kodi. Kwetu, Tanzania na Kenya, mwekezaji mdogo anayeuza hisa zilizoorodheshwa sokoni hatozwi kodi ya ongezeko la thamani ya mtaji. Kwa hiyo hata kile kisingizio cha Desemba hatuna. Mtu wa Mwanza au wa Nakuru anayeshikilia hisa kwa ajili ya bei ya zamani anafanya hivyo kwa sababu moja tu: kuuza ni kukiri hasara, na kukiri kunauma.

Nendeni nami Kenya mwaka 2008. Serikali iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom, robo ya kampuni nzima, kwa shilingi 5 kila moja. Wananchi zaidi ya 800,000 waliomba. Wengine walikopa benki, wengine kwenye vyama vyao vya akiba na mikopo, na kwa kuwa maombi yalizidi hisa mara kadhaa, kila mmoja alipata sehemu ndogo tu ya alichoomba huku riba ya mkopo ikihesabiwa kwa kiasi chote. Tarehe 9 Juni biashara ilianza na bei ikavuka 7. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa chini ya 5, na mapema mwaka 2009, msukosuko wa fedha wa dunia ukiwa umepamba moto, ilikuwa chini ya 3.

Ndipo neno "nirudishe changu" likawa sera ya uwekezaji ya nyumba nyingi. Bei ilichukua miaka kurudi 5 na kudumu hapo. Mfikirie aliyevumilia miaka yote hiyo, kisha siku ilipogusa 5 akapumua, akampigia dalali simu: uza zote. Alihesabu kwamba ametoka salama. Lakini katika miaka ileile, M-Pesa, iliyoanzishwa Machi 2007, ilikuwa imeshageuka kutoka huduma ya kutumiana fedha hadi njia ya kulipia karo, umeme na bidhaa dukani. Kampuni aliyoiuza haikuwa kampuni aliyoinunua mwaka 2008. Kitu pekee kilichofanana ni namba 5, na ndiyo pekee aliyokuwa akiitazama. Mwaka 2021 hisa hiyo ilivuka shilingi 40.

Nisieleweke kwamba nasema shikeni tu. Watu wengi husikia habari ya Safaricom na kuondoka na funzo hilo, nalo limewafilisi wengine. Kampuni ya sukari ya Mumias iliingia soko la Nairobi mwaka 2001 kwa shilingi 6.25 na kwa miaka kadhaa ikawa kipenzi cha wawekezaji wadogo. Kuanzia mwaka wa fedha 2012/13 ilitangaza hasara, ikafuatia hasara nyingine, tena kubwa zaidi. Miwa ilikosekana, wakulima walidai malipo, madeni yakapanda, serikali ikaingiza fedha na bado mambo hayakusimama. Mwaka 2019 iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi kwa niaba ya wadai, na biashara ya hisa zake ikasimamishwa. Katika kila hatua, mwanahisa aliyesema "nitauza ikirudi niliponunua" alikuwa akiiomba bei ifanye kazi ambayo kiwanda kilikuwa kimeshindwa kuifanya. Alipewa miaka ya kutoka, na kila mwaka taarifa ya fedha ilimwambia jambo lilelile.

Kati ya Safaricom ya 2009 na Mumias ya 2014, bei peke yake isingekuonyesha tofauti. Zote mbili zilikuwa zimeshuka, na zote mbili zilikuwa na wanahisa wenye uchungu. Tofauti ilikuwa ndani ya hesabu: moja ilikuwa ikipata faida na kuongeza wateja, nyingine ilikuwa ikila mtaji wake.

Basi mtu ajiulize nini? Mimi huwapa wanafunzi swali moja, nalo si langu, limezoeleka katika taaluma yetu: kama leo usingekuwa na hisa hizi, ila una fedha mkononi sawa na thamani yake ya leo, ungezinunua? Ukijibu ndiyo, shika. Ukijibu hapana, jieleze kwa nini bado unazo. Uzuri wa swali hili ni kwamba linamweka wa 150, wa 350 na wa mia kwenye mstari mmoja, na linawalazimu wote watazame mbele.

Lina upande wa pili ambao watu husahau, kwa sababu wenyewe ni mtamu. Aliyenunua Safaricom kwa 5 alipata gawio la shilingi 1.20 kwa mwaka ulioishia Machi 2024. Nimewasikia wengi wakijivunia: napata asilimia 24 kila mwaka! Hapana. Fedha zake hazikuwa tena shilingi 5. Mwishoni mwa 2023 hisa ile ilikuwa na thamani ya shilingi 13 hivi, na 1.20 juu ya 13 ni asilimia 9 na kidogo. Wakati huohuo serikali ya Kenya ilikuwa ikilipa asilimia 15 hadi 16 kwa hati za hazina za siku 91. Hiyo ndiyo hesabu iliyokuwa mezani: asilimia 9 yenye matumaini ya kukua na hatari ya kushuka, dhidi ya asilimia 15 na zaidi ya muda mfupi isiyo na ukuaji. Mtu angeweza kuchagua upande wowote kwa sababu nzuri. Aliyeshika aliona bei ikivuka 25 mwaka 2025. Aliyehamia kwenye hati za hazina naye alipata alichoahidiwa, na sitamwita mjinga kwa sababu ya yaliyotokea baadaye. Lakini yule wa asilimia 24 hakuchagua lolote. Alikuwa akiipongeza risiti ya 2008.

Sasa niseme juu ya jambo ambalo vitabu vya Marekani havitusaidii sana. Vitabu vile vinadhani ukitaka kuuza, utauza. Katika soko la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998 na bado lina kampuni chache, sivyo ilivyo kwa kila hisa. Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850. Katika mwaka ulioishia Machi 2021 ilitangaza hasara ya takriban shilingi bilioni 30. Mwaka uliofuata, tozo za miamala ya simu zikiwa zimeanza, ilipata hasara tena. Kufikia Machi 2023 ilikuwa imerudi kwenye faida. Kipindi chote hicho kina habari za kutosha kuipandisha bei na kuishusha mara kadhaa. Lakini kwa sehemu kubwa ya wakati huo bei kwenye ubao ilisomeka 770. Mwekezaji mgeni huona namba iliyotulia hivyo akadhani ni dalili ya usalama. Maana yake ni kwamba wanunuzi na wauzaji hawakukutana vya kutosha kuisogeza.

Kwa hiyo, kabla ya kununua hisa kwenye soko la namna hii, fungua orodha ya oda: upande huu wanaotaka kununua na kwa bei gani, upande ule wanaotaka kuuza. Mara nyingine utakuta maelfu kwa maelfu ya hisa zimepangwa upande wa kuuza, na upande wa kununua mtu mmoja anataka hisa 200. Hiyo ni habari muhimu kuliko bei yenyewe. Inakwambia kwamba ada ya mtoto ya Januari isitegemee hisa hizo, na kwamba ukiamua kuuza unapaswa kuanza mapema, kidogo kidogo. Kuuza kwa sababu ya shida ya nyumbani ni sababu halali kabisa, na nasikitika wanaofundisha uwekezaji wanavyowatia watu aibu kwa hilo. Hisa ziliwekwa kwa ajili ya maisha. Ila shida inayojulikana, kama karo, isingojwe hadi wiki ya mwisho.

Kuhusu kuuza na kununua kila mara nitasema kwa ufupi, maana ushahidi wake hauna utata. Brad Barber na Odean, katika uchunguzi wa familia 66,465 za Marekani kati ya 1991 na 1996, waliona kwamba waliofanya biashara mara nyingi zaidi walipata asilimia 11.4 kwa mwaka, ilhali soko lenyewe lilitoa 17.9. Kwetu ada za dalali na za taasisi nyingine kwa muamala mdogo hukaribia asilimia 2 kwenda na nyingine kurudi. Programu za simu zimerahisisha sana kununua, na nafurahi kwamba kijana wa Masasi anaweza kumiliki sehemu ya benki bila kupanda basi. Lakini ada bado ipo.

Mazoezi ninayowapa wanafunzi ni ya daftari la kawaida. Siku unaponunua, andika kwa sentensi mbili kwa nini unanunua, bila kutaja bei. Kwa mfano: faida ya benki hii inakua na mikopo chechefu inapungua, nitauza mikopo hiyo ikianza kupanda kwa miaka miwili mfululizo. Taarifa mpya ikitoka, soma sentensi zako kabla ya kutazama ubao. Kama sababu imekufa, hisa iuzwe, hata iwe na faida, hata iwe na hasara. Kama sababu ingali hai na bei imeshuka, huenda ni wakati wa kuongeza. Na ikiwa huna la kuandika isipokuwa "kila mtu ananunua", daftari limeshakujibu.

Lakini siwezi kumtaka mwekezaji mdogo asome hesabu kisha nikae kimya juu ya hesabu zenyewe. Taarifa nyingi za fedha za kampuni zetu huandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu, kurasa zaidi ya mia, na mwalimu wa shule ya msingi mwenye hisa 500 hupelekewa hizohizo. Asiyeweza kuingia ndani ya hesabu atabaki na namba moja anayoielewa, ile aliyolipa. Naziomba kampuni zilizoorodheshwa, pamoja na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, tufikie mahali ambapo kila taarifa inatanguliwa na ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye faida kwa kila hisa, gawio kwa kila hisa, fedha taslimu zilizopatikana katika biashara na madeni, kwa miaka mitano mfululizo. Idara yangu iko tayari kuandaa kielelezo cha ukurasa huo, na wanafunzi wa mwaka wa tatu walioketi pale nyuma wameanza na benki mbili.