Kuanza Kuchangia Programu Huria
(Mazungumzo kwa vijana katika kituo cha kompyuta cha wadi)



Simu nyingi zilizomo mifukoni ukumbini humu zinatumia Android, na ndani ya Android mna Linux, kazi iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Ufini aliyekuwa na umri wa miaka 21. Aliiweka wazi, wengine wakaisoma na kuirekebisha. Hiyo ndiyo programu huria: leseni yake inamruhusu yeyote kuusoma msimbo, kuubadilisha na kuusambaza. Hapa kwetu, Ushahidi ilitengenezwa Januari 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ili taarifa za wananchi zionekane kwenye ramani. Mwaka 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Wengi huuliza, "Asiyejua kuandika msimbo atachangia nini?" Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo humhitaji mjuzi wa lugha kama inavyomhitaji fundi. Kusahihisha neno bovu kwenye kitufe ni mchango kamili, na mara nyingi unaweza kufanywa kwenye kivinjari tu, bila kumaliza bando.

Anayeanza achague programu anayoitumia tayari, si ile yenye sifa. Asome mwongozo wa wachangiaji kabla ya kutuma chochote. Akikuta hitilafu, aangalie kama imekwisha kuripotiwa. Kama bado, aeleze alichofanya, alichotarajia, kilichotokea, na toleo la programu. "Haifanyi kazi" peke yake haimsaidii mtu. Anayebadilisha msimbo huchukua nakala ya mradi, hurekebisha jambo moja, kisha huwaomba wasimamizi walipokee.

Wasimamizi wengi hujitolea, hivyo jibu laweza kuchelewa wiki kadhaa. Likirudi na masahihisho, si matusi. Hata mafundi wakongwe hurudishiwa kazi. Kinachowaudhi ni mzaha. Oktoba 2020, katika Hacktoberfest, watu wengi walituma mabadiliko yasiyo na maana ili wapate fulana ya bure, hadi waandalizi wakalazimika kubadilisha kanuni.

Wazazi wana haki ya kuuliza kuhusu malipo. Mara nyingi hakuna. Mchango hubaki hadharani kwa jina la aliyeutoa, na mwajiri anaweza kuukagua mwenyewe badala ya kutegemea cheti peke yake, lakini hiyo si ahadi ya ajira. Kujiunga pia hakuna ada. Atakayemwambia kijana atume pesa za usajili kwa M-Pesa ili "aingizwe" kwenye mradi asitumiwe hata shilingi.