Paka muzee wa depo yetu, na mufuko mumoja wa maharagi

Maneno ambayo komite ya depo ilisema mbele ya mukutano wa wanamemba, Kingi. Tumeyaandika hapa ili wale ambao hawakufika, na wafadhili wetu walio mbali, wayasome pia.



Tunajua kuko wenye watacheka. Mutuelle yetu ilianzishwa juu ya mbegu, juu ya manjanja ya nyumba, juu ya masomo ya watoto, na leo komite inasimama hapa kuzungumza juu ya mukojo wa paka. Mucheke tu, hatutakasirika. Lakini mu mwezi wa saba mukojo huo ulitupotezea mufuko muzima wa mbegu ya maharagi, na ulibakia kidogo tu ugawanye mutuelle. Kwa hiyo tuko na deni la kuwaeleza namna mambo yalivyokwenda, wanamemba na wafadhili pamoja.

Wote munamujua Mulinzi. Alizaliwa hapa Kingi, na kwa hesabu ya bamama waliomufuga ameshapita miaka 12. Mwanzoni mwa 2023, wakati vita ilifika upande wa Kitchanga na Mushaki, tulikimbia na vile mikono iliweza kubeba: watoto, sufuria, godoro. Paka hakuna aliyemubeba. Tulikaa Bulengo, Lushagala, Rusayo, kila mutu na kambi yake. Mu mwezi wa pili wa 2025 kambi za kandokando ya Goma zikafungwa, tukarudi. Depo ilikuwa imebakia kuta tu na nusu ya manjanja. Na ndani, juu ya mbao moja, alikuwa Mulinzi, amekonda mbavu zinahesabika. Hatujui alikula nini miaka miwili yote.

Wafadhili wanaweza kuuliza: depo ya mbegu inahitaji paka kwa nini? Hesabu ni hii. Panya mumoja anakula karibu gramu 20 kwa siku. Panya 10, kwa siku 90, toka mavuno ya mwezi wa sita mupaka kupanda mu mwezi wa tisa, wanamaliza kilo 18. Na hiyo ni ile wanayokula tu. Ile wanayotoboa, wanayomwaga na wanayochafua haijahesabiwa. Dawa ya panya hatuitaki mu depo: watoto wanaingia pale, na paka akikula panya aliyekula sumu, yeye naye anaweza kufa. Kwa hiyo paka njo askari wetu wa bei ndogo.

Sasa tuje ku jambo lenyewe. Mwezi wa sita tulileta paka kijana mumoja, ili amusaidie muzee. Tulifikiri tumefanya vizuri. Kisha wiki chache, harufu ikaanza. Kwanza ku pembe, nyuma ya mulango. Halafu juu ya mifuko mitupu. Mwisho, mufuko mumoja wa mbegu ulilowa upande wote wa chini, na hatukuona mapema juu ulikuwa unagusa ukuta. Tuliweka mbegu 20 mu kitambaa chenye maji tupime kama zitaota. Zikaota 7. Mufuko huo hatukuugawa kwa mutu. Uliingia mu shimo la mbolea, na umeandikwa mu daftari kama hasara. Familia zilizokuwa ku mustari wa mwisho zilipata mbegu yao kwa kuombaomba ku wenzetu.

Mukutano wa siku ile munaukumbuka. Kuko waliosema tumubebe paka tukamutupe mbali, kuko waliosema tumutilie sumu mu chakula. Wengine walikuwa wameshamupiga na fagio. Wakasema: "Paka huyu anafanya kwa makusudi, anatulipiza juu tulimuacha." Njo pale mama mumoja muzee, mumoja wa wale wenye hawasemaka mu mukutano, akasimama. Ametupa ruhusa tuseme maneno yake, lakini jina lake hatulitaji. Akasema: "Kule ku kambi, mimi nilikuwa nakojoa mu tenti usiku. Vyoo vilikuwa mbali, mawe ya volkano inakata miguu, na magoti yangu inakataa. Ilikuwa makusudi? Na hamukunitupa."

Hakuna aliyejibu. Tulifunga mukutano pale, na komite ikapewa wiki mbili za kutafuta dawa.

Tulimuita veterineri mumoja kutoka Sake. Alikuja na pikipiki, akamushika paka tumbo, akamuangalia mudomo, akamukunja miguu ya nyuma polepole. Kitu cha kwanza alituambia ni hiki: paka ni munyama wa kufunika uchafu wake, tangu udogo. Akiacha, usianze na kuuliza ana roho gani. Uliza mwili, uliza choo, uliza jirani. Maulizo haya matatu tunataka murudi nayo nyumbani leo.

Ulizo la kwanza: mwili. Paka muzee anakunywa sana na kukojoa sana wakati figo zimeanza kuchoka, ao wakati ana ugonjwa wa sukari. Choo ikijaa haraka anatafuta pengine. Tena kuko viungo. Kule Marekani, 2002, waganga wa wanyama walitoa matokeo ya picha za mifupa ya paka 100 waliopita miaka 12. Paka 90 walikuwa na alama za viungo kuharibika. Paka hasemi "goti linaniuma." Anaacha tu kuruka, anaacha kujilamba mugongo, na anakataa kupanda mahali pa juu. Tulipomuangalia Mulinzi vizuri, vyote vitatu vilikuwepo. Karai lake la choo lilikuwa juu ya ngazi mbili za mbao.

Hapa tuweke onyo mbili. Ya kwanza: musimupe paka parasetamoli hata kipande. Inamuua. Dawa zetu zingine za maumivu, kama ibuprofene na diklofenake, nazo ni hatari kwake. Ya pili: paka dume akiingia na kutoka mu choo, anajikaza, analia, na mukojo hautoki, huyo amezibwa. Hiyo haingoji siku ya soko. Anaweza kufa mu siku mbili ao tatu. Tafuta muganga siku ileile.

Ulizo la pili: choo yenyewe. Sisi tulifanya makosa mawili. Kosa la kwanza lilikuwa bidoni. Tulipasua bidoni ya litre 20 kwa ubavu, tukasema choo mupya ni hii. Mulinzi aliingia, akageuka, matako yakabakia inje, na mukojo ukaenda chini. Bidoni ni fupi, na ukingo wake uko juu kwa miguu ya muzee. Veterineri alisema choo ipite urefu wa paka mara moja na nusu. Fundi wetu alitumia vipande vya mbao, akatengeneza sanduku la sentimetre 70 kwa 50, na upande mumoja akaukata mupaka sentimetre 6 tu, ili paka aingie bila kuruka.

Kosa la pili lilikuwa kitu cha kuweka ndani. Tuliweka changarawe nyeusi ya volkano, juu iko tele na haina bei. Lakini ina makali, na nyayo za paka muzee ni laini. Tukajaribu unga wa mbao wa ekaliptusi, akanusa na kuondoka: harufu kali. Mwisho tulichota muchanga laini wa kijito, tukauanika, watoto wakauchuja. Kina cha vidole vitatu. Siku ile ile aliutumia. Kwa jivu, muangalie: likilowa linachoma ngozi, na la jioni linaweza kuficha kaa la moto.

Ulizo la tatu: jirani. Yule kijana tuliyemuleta kumusaidia alikuwa anamuvizia. Choo ilikuwa moja, ku pembe, na njia ya kutokea ni moja. Kila mara muzee akienda, kijana anamurukia. Kwa kijana ni muchezo. Kwa muzee ni barrieri. Ni nani hapa haelewi hiyo? Mutu akijua ku njia kuko kizuizi, anatafuta njia ingine. Veterineri akatupa kanuni: choo moja kwa kila paka, na moja ya kuzidi. Kwa paka wawili, choo tatu, na zisiwe pamoja. Sasa kuko moja karibu na mulango, moja nyuma ya ofisi, na moja pale Mulinzi analala, kila moja na njia mbili za kutoka.

Kusafisha nako kuko na akili yake. Pale paka amekojoa, ukiacha harufu, yeye anasoma: "Choo iko hapa." Futa na kitambaa kikavu, osha na maji na sabuni, halafu acha jua lifanye kazi. Musimwage javeli juu ya mukojo: vikikutana vinatoa hewa mubaya ya kuumiza kifua. Na musimupake paka pua mu uchafu wake, wala musimupige. Hatajifunza kitu, ataogopa tu, na paka mwenye woga anakojoa zaidi.

Bamama wenye mimba, hili ni lenu. Mavi ya paka yanaweza kubeba kijidudu kinachoitwa toksoplasma, na kinaweza kuumiza mutoto aliye tumboni. Kikitoka mu paka kinahitaji siku moja mupaka tano mbele ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo choo isafishwe kila siku, na mwenye mimba asiisafishe yeye. Mwenye kusafisha avae mufuko wa plastiki ku mikono, azike uchafu mbali na kisima na mbali na bustani ya mboga, na aoshe mikono na sabuni.

Matokeo tuseme kweli, tusijisifu. Toka mwezi wa nane mupaka leo hakuna mufuko uliolowa. Sehemu moja ni juu ya choo mupya. Sehemu ingine ni juu mifuko sasa iko juu ya mbao, mbali na ardhi na mbali na ukuta. Tungepaswa kufanya hivyo toka mwanzo, paka ao hapana paka. Kosa hilo ni la komite, si la Mulinzi. Yeye bado anakosea mara mojamoja, usiku wa baridi. Tumetandika kiroba kizee mahali pale na tunakifua. Tunamupa sambaza wabichi waliopikwa bila chumvi, pamoja na mchuzi wake, juu figo zinataka maji. Wale wakavu wenye chumvi tumewaacha.

Panya anawakamata kijana. Muzee analala ku mulango. Kuko wenye wanauliza anatusaidia nini sasa. Tunajibu: musimu huu tuligawa mbegu ya maharagi bila tundu hata moja la panya mu mifuko, na kijana alianza kazi mu nyumba ambayo muzee alikuwa ameilinda. Itafika siku atakataa kula. Siku hiyo tutamuita tena veterineri, na tutafanya bila kumuumiza. Hatutamutupa ku mutoni.

Tunaomba nini? Kwa wafadhili, hatuombi feza ya paka. Tunaomba tu musome daftari: mufuko mumoja, hasara, sababu imeandikwa, na dawa imeandikwa. Kwa wanamemba, kila siku ya posho nyumba mbili zilete muchanga mukavu, zamu iko ku mulango. Na mwenye paka nyumbani akiona amebadilisha choo, mbele ya kushika fagio, aulize yale maulizo matatu.

Mama yetu aliyesimama siku ile ametuuliza kitu kimoja zaidi, na komite haiwezi kukikalia. Fundi amemaliza sanduku tatu za paka kwa siku mbili. Choo ya depo ya watu iko bado na ngazi nne na haina kitu cha kushikilia. Mbao zimebakia. Juma lijalo anaanza kuitengeneza.