Kazi Itangulie Jina la Chuo



Kijana akifaulu vizuri Kilakala au Mzumbe, wazee humwambia mara moja: Dar es Salaam, udaktari. Huulizwa jina la chuo. Haulizwi kazi atakayoifanya.

Hapa Morogoro kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984. Juu yake, katika Milima ya Uluguru, mvua humomonyoa mashamba ya miteremkoni. Udongo huo huingia katika mito inayolisha Ruvu, mto unaoipatia Dar es Salaam maji. Mtaalamu wa udongo naye huokoa maisha. Je, kazi hiyo iachiwe waliokosa nafasi kwingine tu?

Mwalimu asimchagulie mwanafunzi wake. Amwonyeshe kazi zinazomngoja, udaktari ukiwamo. Kisha kijana mwenyewe aandike maombi yake.