Tamthilia ya Sayyidna Umar na Swala ya Tarawehe



Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu waheshimiwa, shukrani zote ni za Allah (S.W.) aliyetufikisha mwezi huu mtukufu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Mada tuliyopewa ni televisheni na Ramadhan. Nitaieleza kwa mchezo mmoja tu, tusije tukatawanyika. Mwaka 2012, Ramadhan ya 1433 Hijria, kituo cha MBC pamoja na televisheni ya Qatar walionyesha tamthilia ya "Omar", maisha ya Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.). Muongozaji alikuwa Hatem Ali wa Syria, mwandishi Walid Saif, na aliyeigiza kama Umar ni Samer Ismail, naye wa Syria. Ilitoka sehemu baada ya sehemu, mwezi mzima. Uturuki na Indonesia pia waliiona kwa lugha zao.

Basi hata kabla haijaanza, mzozo ulishawaka. Al-Azhar ya Misri ilipinga, kwa msimamo wake wa siku nyingi kwamba Mitume, watu wa nyumba ya Mtume na masahaba kumi waliobashiriwa Pepo wasiigizwe. Upande wa pili, maandishi ya mchezo yalipitiwa na jopo la wanavyuoni, wakiwemo Sheikh Yusuf al-Qaradawi na Sheikh Salman al-Ouda, nao wakaupitisha. Mtume (S.A.W.) mwenyewe hakuonyeshwa, lakini makhalifa wote wanne waliigizwa.

Mimi si mufti, na sikuja hapa kuamua kati ya wakubwa hao. Lakini hebu tuzitazame hoja zao, maana zote zina uzito. Waliokubali walisema kijana asiyefungua kitabu atafunguliwa mlango wa sira. Kweli. Wako waliojua kwa mara ya kwanza habari ya mwaka wa njaa, khalifa alipojinyima samli na nyama mpaka raia wake washibe. Waliokataa walisema sura ya muigizaji itakaa akilini badala ya sahaba. Hilo nalo kweli. Muigizaji yule yule ameonekana baadaye katika michezo mingine, mambo mengine kabisa. Na mwandishi wa tamthilia lazima atunge mazungumzo ya kujazia. Kesho kijana anasimama barazani: "Sayyidna Umar alisema..." Kumbe hayo ni maneno ya mtunzi! Jamani, dini haichukuliwi hivyo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ndilo kubwa kwangu. Ni nani aliyewakusanya watu kwa tarawehe nyuma ya imamu mmoja? Ni Umar huyu huyu. Alitoka usiku mmoja wa Ramadhan, akawakuta watu msikitini wametawanyika, huyu peke yake, wale kikundi. Akawakusanya nyuma ya Ubayy bin Ka'b (R.A.). Haya, wewe ukibaki kwenye kochi wakati wa tarawehe ili umtazame Umar, umempenda Umar au umependa mchezo?

Vijana, tusidanganyane, hatutavunja televisheni. Siku hizi mchezo uko ndani ya simu, unakungoja saa yoyote. Basi ungoje na wewe uswali kwanza. Ukitazama kisa, siku ya pili kitafute katika kitabu cha sira au muulize ustadh: hili limepokewa, au limetungwa? Na nyinyi wazazi, kaeni na watoto mtazame pamoja, muulizane. Mtoto akiachiwa skrini peke yake, skrini ndiyo itakayomlea.

Tamthilia ile ilikwisha na Ramadhan yake. Tarawehe ingalipo, na usiku wa leo safu zinatungoja.

Allah atukubalie saumu zetu na swala zetu, na atufufue pamoja na masahaba wa Mtume wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.